Kiazi Katika Maji ya Sukari

Mwenye kukata kachumbari hulijua jambo moja ambalo wanafunzi wa sekondari hufundishwa kwa jina gumu. Akishakata vitunguu na nyanya na kuvinyunyizia chumvi, kisha akaliacha bakuli kwa nusu saa, hukuta maji yamejaa chini ingawa yeye hakutia hata tone moja. Kadhalika mwenye kuuza sukuma wiki sokoni huyaona majani yake yakilegea kwa jua la adhuhuri; lakini akiyatia mashina yake katika maji na kuyaweka kivulini, jioni huyakuta yamesimama tena kama yaliyochumwa asubuhi. Katika bakuli maji yametoka ndani ya mmea, na sokoni maji yameingia; lakini mambo hayo mawili yana sababu moja, na wataalamu huiita osmosisi.

Habari hii ingekuwa ya jikoni tu kama isingefika shambani. Kila mvua za kupandia zinapoanza husikika ugomvi ule ule. Mkulima amepanda mahindi yake, mvua imenyesha vizuri, naye amenunua mbolea kwa fedha ambazo zingetosha kulipa sehemu ya karo ya mtoto. Ameitia kwa mkono mkunjufu, karibu kabisa na shina, akiamini kwamba mtoto alaye sana ndiye akuaye upesi. Baada ya siku chache ncha za majani zinageuka rangi ya hudhurungi kana kwamba zimepitiwa na moto. Udongo una maji, na mche unakufa kwa kiu. Mkulima husema ameuziwa sumu. Mwenye duka husema mbolea ni njema, ila mkulima hakuyasoma maagizo yaliyoandikwa juu ya gunia. Majirani nao hutafuta sababu zao, na baadhi ya sababu hizo hazifai kuandikwa gazetini. Aliye na haki katika ugomvi huo aweza kujulikana mezani nyumbani, kwa viazi vichache vya Kizungu, kisu kikali, na nusu kikombe cha sukari.

Jaribio jepesi kuliko yote halihitaji hata mizani. Huchukuliwa viazi vitatu vikubwa. Kila kimoja hukatwa upande wa chini ili kipate kikalio, na ganda la upande huo huondolewa, maana ganda la kiazi halipitishi maji kwa urahisi. Upande wa juu huchongwa shimo, kama kinu kidogo. Kimoja katika vitatu hivyo huchemshwa kwanza mpaka kiive, kisha huachwa kipoe. Vyote huwekwa katika sahani zenye maji kidogo. Kiazi kibichi cha kwanza hutiwa kijiko cha sukari katika shimo lake; kibichi cha pili hakitiwi kitu; na kile kilichochemshwa hutiwa sukari kama cha kwanza.

Kesho yake asubuhi shimo la kiazi cha kwanza huwa limejaa maji matamu, na pengine yamefurika. Maji hayo yametoka katika sahani, yakapanda kupitia nyama ya kiazi bila ya kusukumwa na mtu. Shimo la kiazi cha pili huwa kavu au lina unyevu tu. Kile kilichochemshwa hakijai kama cha kwanza. Sukari yake huvuja na kuchanganyika ovyo na maji ya sahani. Kwa hiyo sukari peke yake haitoshi, na kiazi peke yake hakitoshi. Lazima pawe na sukari upande mmoja, na katikati pawe na kitu kilicho hai ambacho moto huweza kukiharibu.

Kitu hicho ni utando. Nyama ya kiazi, kama nyama ya kila mmea, imejengwa kwa vyumba vidogo sana viitwavyo seli, na kila seli imefunikwa na utando mwembamba mno. Utando huo huyapisha maji lakini huizuia sukari. Kwa maelezo mepesi, chembe za maji hazitulii hata kidogo. Huenda huku na huko na kuugonga utando kutoka pande zote mbili. Upande wenye maji matupu, kila chembe igongayo ni ya maji, nayo yaweza kupita. Upande wenye sukari, baadhi ya chembe zigongazo ni za sukari, nazo hurudishwa. Basi maji yavukayo kwenda upande wa sukari ni mengi kuliko yarudiyo. Yafaa kuliangalia sana neno hilo la mwisho, kwa kuwa wanafunzi wengi hupoteza alama hapo. Maji hayaendi upande mmoja tu. Yanakwenda na kurudi wakati wote, na kinachopimwa ni ile ziada.

Nje ya utando, seli ya mmea ina ukuta mgumu. Mfano wake ni mpira wa miguu wa kizamani, wenye kibofu cha mpira ndani na ngozi nje. Kibofu kikijazwa, hubanana na ngozi na mpira hukakamaa. Ngozi isingekuwapo, kibofu kingepasuka. Ndivyo ilivyo seli iliyoshiba maji. Majani ya sukuma wiki hayana mifupa. Yanasimama kwa sababu seli zake zimejaa kama mipira iliyopigwa pampu. Kibofu kikitoka hewa, ngozi hubaki na umbo lake kwa muda lakini hulegea, na kibofu hujikunja ndani yake. Seli ya kiazi iliyotiwa katika maji yaliyokolea sukari sana huwa vivyo hivyo, na mtu mwenye hadubini aweza kuuona utando wake ukijivuta mbali na ukuta.

Habari hizi hazikujulikana kwa siku moja. Mnamo 1748 padre mmoja Mfaransa, Jean-Antoine Nollet, alijaza chombo kwa pombe kali, akakifunga mdomo kwa kibofu cha nguruwe na kukizamisha katika maji. Kibofu kilivimba hata kikakaribia kupasuka. Mfaransa mwingine, daktari Henri Dutrochet, ndiye aliyeyapa mambo haya jina katika 1826, akitumia neno la Kiyunani lenye maana ya kusukuma. Lakini aliyepima kwa uangalifu hasa jinsi sukari inavyobadili nguvu hiyo alikuwa Mjerumani, Wilhelm Pfeffer, mtaalamu wa mimea. Yeye alitumia vyungu vidogo vya udongo, vyenye vinyweleo kama mtungi wa maji utokao jasho, na ndani ya vinyweleo hivyo akatengeneza utando wa chumvi ya shaba upitishao maji na kuzuia sukari. Alitia maji ya sukari ndani ya chungu, akakizamisha katika maji matupu, na kupima jinsi maji yaingiayo yalivyoweza kuinua zebaki katika kipimo.

Matokeo aliyoyatangaza mwaka 1877 yastahili kusomwa polepole. Sukari ilipokuwa sehemu 1 katika 100, zebaki iliinuliwa sentimita 53.5. Ilipokuwa sehemu 2, ilifika 101.6, kwa sehemu 4, 208.2, na kwa sehemu 6, 307.5. Yaani sukari ikizidishwa mara mbili, nguvu nayo huzidi karibu mara mbili. Na ikumbukwe kwamba hewa yote iliyo juu ya kichwa cha mtu huinua zebaki sentimita 76 tu pwani. Maji ya sukari ambayo mtu angeyaona hayatoshi hata kwa chai yashinda uzito huo mara kadhaa.

Jaribio la pili ni la mtu apendaye kupima, nalo ndilo lenye faida kubwa. Kusudi lake ni kujua kiazi chenyewe kina nguvu gani ya kuvuta maji. Kiazi hakiwezi kuulizwa, lakini chaweza kushindanishwa na maji ya sukari ya namna mbalimbali, mpaka yapatikane yale ambayo hayakishindi wala hayashindwi nacho.

Huhitajiwa bilauri sita, na gramu 103 za sukari, ambazo ni kama nusu kikombe; si gharama kubwa hata kwa karani aliye mwishoni mwa mwezi. Sukari yote hutiwa katika chombo chenye alama za vipimo, maji yakaongezwa kidogo kidogo huku yakikorogwa, mpaka vyote pamoja vifike mililita 600. Hapa wengi hukosea. Hupima mililita 600 za maji kwanza, kisha hutia sukari, na hivyo hupata zaidi ya mililita 600 na hesabu yote huharibika. Sukari hutangulia, na maji hufuata mpaka kwenye alama.

Maji hayo makali hugawanywa hivi. Bilauri ya kwanza hupata mililita 200 za maji matupu. Ya pili hupata mililita 40 za maji ya sukari na 160 za maji matupu. Ya tatu 80 kwa 120. Ya nne 120 kwa 80. Ya tano 160 kwa 40. Na ya sita hupata mililita 200 za maji ya sukari bila kuchanganywa. Kwa njia hii kila bilauri hukolea kuliko ile iliyotangulia kwa kadiri ile ile. Kwa hesabu ya lita nzima, huwa ni gramu 0, 34, 68, 103, 137 na 171 za sukari. Bandiko lenye namba katika kila bilauri si pambo, kwa maana baada ya saa moja hakuna mtu awezaye kuzitambua kwa macho, na kuonja kila mara si adabu ya maabara.

Viazi humenywa, hukatwa vipande virefu kama chipsi, vyenye upana mmoja na urefu wa sentimita 5 kila kimoja. Yafaa vyote vitoke katika kiazi kimoja kama ni kikubwa, au katika viazi vya shamba moja vilivyochimbwa siku moja, kwa kuwa kiazi kilichokaa ghalani mpaka kikajikunja huvuta maji kwa nguvu kuliko kiazi kipya. Kila bilauri hupewa vipande vitatu, si kimoja, ili kipande chenye kasoro kisiidanganye hesabu. Kabla ya kutumbukizwa, vipande hupanguswa kwa kitambaa au karatasi ya kunyonya maji na kupimwa uzito. Asiye na mizani ndogo aweza kupima urefu kwa rula yenye milimita, ingawa urefu hubadilika kidogo kuliko uzito, na jicho la haraka laweza kuona anachotaka mtu badala ya kilichopo.

Bilauri hufunikwa, maana maji yakipotea hewani kile kilichobaki hukolea zaidi. Huachwa saa kadhaa, au usiku kucha. Zikiachwa siku mbili viazi huanza kuoza, na harufu yake huwafukuza watu wa nyumbani kabla ya matokeo kuandikwa. Kisha vipande hutolewa, hupanguswa vile vile kama mwanzo, na kupimwa tena. Asiyepangusa hupima maji yaliyoshika nje ya kiazi, akadhani yameingia ndani.

Mtu asilinganishe gramu kwa gramu, kwa sababu vipande havikuwa na uzito mmoja tangu mwanzo. Ichukuliwe kwamba kipande kimoja kilikuwa na gramu 4 kikawa 4.4, na kingine kilikuwa na gramu 5 kikawa 5.4. Vyote viwili vimeongeza gramu 0.4, lakini cha kwanza kimeongeza asilimia 10 na cha pili asilimia 8 tu. Asilimia ndiyo yenye haki kwa wote wawili.

Hata kabla ya mizani, vidole huanza kutoa habari. Kipande kilichokaa katika maji matupu huwa kigumu, na kikipindwa hukatika kwa mlio. Kile kilichokaa katika bilauri ya sita huwa laini, hupindika kama utepe wa mpira bila kukatika. Mizani huthibitisha: wa kwanza ameongezeka uzito, wa mwisho amepungua. Matokeo yakiandikwa katika karatasi yenye miraba, sukari ikiwekwa kwenye mstari wa chini na asilimia kwenye mstari wa kando, nukta hushuka kutoka kushoto kwenda kulia, nazo hukata mstari wa sifuri mahali fulani. Kwa viazi vya Kizungu mahali hapo huwa aghalabu kati ya gramu 70 na 120 za sukari kwa lita.

Mstari huo hauwi mnyofu kama uliopigwa kwa rula, na mwanafunzi asiulazimishe. Upande wa maji matupu hukaza kwa sababu kuta za seli zinakataa kutanuka zaidi, kama ngozi ya mpira. Upande wa sukari nyingi nao hulala, kwa kuwa seli zimekwisha kulegea kabisa na utando umeachana na ukuta. Anayebadili namba zake ili mstari upendeze amefanya kazi ya mchoraji, wala si ya mpimaji.

Mahali mstari ukatapo sifuri, kiazi na maji ya sukari vina nguvu sawa. Maji yangali yakiingia na kutoka, ila kwa kadiri moja. Kama mahali hapo ni kwenye gramu 103 kwa lita, hesabu yaonyesha kwamba maji ya sukari ya namna hiyo huvuta kwa nguvu ipatayo mara 7 ya msukumo wa hewa. Gurudumu la motokaa ndogo hujazwa kwa msukumo wa kama mara 2 tu. Kiazi kilicho kimya ndani ya gunia kina nguvu ya kuvuta maji kuliko ile inayobeba gari barabarani, na nguvu hiyo hiyo ndiyo aliyo nayo mzizi anapoutafuta unyevu katika udongo.

Kutoka kwenye sukari hadi kwenye mbolea, daraja lilijengwa na Waholanzi wawili. Hugo de Vries, mtaalamu wa mimea mjini Amsterdam, aliangalia kwa hadubini jinsi seli zinavyolegea katika maji ya sukari, ya chumvi, na ya vitu vingine, na kuvilinganisha kimoja kwa kimoja. Mwenzake wa mji ule ule, Jacobus van 't Hoff, mwanakemia, alipata habari za vyungu vya Pfeffer kutoka kwake, akaziwekea hesabu kati ya 1885 na 1887. Naye ndiye aliyepewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya kwanza kabisa, mwaka 1901. Jambo walilolitoa ni hili: nguvu ya kuvuta maji haitegemei kitu ni kitamu au kichungu, ni chakula au sumu. Yategemea idadi ya chembe zilizomo ndani ya maji.

Chembe ya sukari ya mezani ni kubwa na nzito, kwa hiyo gramu moja ya sukari ina chembe chache. Chembe za chumvi ni ndogo, tena kila moja ikiingia majini hugawanyika mbili. Ndiyo maana gramu 9 tu za chumvi katika lita moja huvuta maji karibu sawa na gramu 103 za sukari. Mwenye kukata kachumbari ameligundua hilo bila kusoma Kiholanzi. Angetumia sukari, ingembidi atie kijiko baada ya kijiko.

Na mbolea za dukani, zilizo nyingi, ni chumvi. Si chumvi ya kula, bali kwa maji na mizizi ni jamaa moja. Mbolea iitwayo CAN, itumiwayo sana kwa kukuzia mahindi, karibu robo tatu yake ni chumvi ya nitrojeni iyeyukayo upesi, na kila chembe yake hugawanyika mbili kama chumvi ya jikoni. Gramu 5, yaani kama kijiko cha chai, zikiyeyuka katika robo lita ya maji yaliyoshikwa na udongo kando ya shina, huyafanya maji hayo yavute kwa nguvu kupita ile ya gramu 103 za sukari kwa lita. Mzizi wa mahindi si kipande cha kiazi, lakini hesabu haiko mbali: maji yaliyo nje yamekuwa na nguvu kuliko mzizi. Badala ya kunywa, mche unanywewa. Mkulima aliyetia vijiko viwili kwa huruma amemwekea mtoto wake chakula pembeni na kumfungia mtungi wa maji.

Basi katika ugomvi ule wa dukani, kwa kawaida mbolea haikuwa sumu, wala mkulima hakuwa mvivu. Kijiko kile kile kikienezwa kuzunguka shina, mbali nalo kidogo, siku ambayo udongo una unyevu wa kutosha, huyeyuka katika maji mengi zaidi na nguvu yake hugawanyika. Mbolea ya kupandia nayo huchanganywa na udongo wa shimo kabla ya mbegu kuwekwa, ili visigusane. Na mche uliokwisha kuanza kuungua, kama bado una kijani, waweza kuokolewa kwa kumwagiwa maji mengi, si kwa ajili ya kuunywesha tu bali kuisukuma chumvi iende chini na kuyafanya maji yaliyobaki yasikolee. Wanaomwagilia mashamba katika sehemu kame wana taabu kubwa zaidi, maana kila maji yanapokauka juani huacha chumvi yake nyuma, msimu kwa msimu, na shamba lisilo na mifereji ya kutolea maji hufika siku likawa jeupe juu na gumu kwa mimea kunywa.

Nguvu hiyo hiyo ikielekezwa kwa adui huwa rafiki. Asali iliyoiva vizuri ina maji machache sana, chini ya sehemu 20 katika 100, na sehemu iliyobaki karibu yote ni sukari. Kiumbe kidogo cha kuozesha kikianguka ndani yake hunyonywa maji kama kipande cha kiazi cha bilauri ya sita. Kwa sababu hii asali hukaa miaka. Lakini wazee watengenezao muratina hujua kwamba asali ikiongezwa maji huanza kutoa povu. Sukari imepunguzwa nguvu, na hamira sasa zaweza kuishi na kufanya kazi. Jemu ya matunda huhifadhiwa kwa hila hiyo hiyo, sukari ikiwa kama theluthi mbili ya uzito wote.

Kiazi chenyewe kina hila yake, na labda ndiyo nzuri kuliko zote. Sukari hutengenezwa katika majani kwa nguvu za jua. Mjerumani Ernst Münch alieleza mwaka 1930 jinsi inavyosafiri: sukari ikipakiwa katika mishipa ya jani huvuta maji, maji huleta msukumo, na msukumo huo huisukuma sukari mpaka chini ya udongo. Ikifika katika kiazi, kama ingekaa ikiwa sukari, ingezidi kuvuta maji bila kikomo na kiazi kingevimba kupita kiasi. Kwa hiyo kiazi huzifunga chembe nyingi za sukari pamoja na kuzifanya wanga. Punje ya wanga haiyeyuki, na hata ingawa ina chakula kingi, katika hesabu ya van 't Hoff ni kama si kitu. Mwenye kuhifadhi viazi katika baridi kali kama ya jokofu hukifungua kifungo hicho pasipo kujua, maana kwa baridi kiazi hurudisha sehemu ya wanga kuwa sukari. Wapishi wa chipsi wanaijua dalili yake: vipande hugeuka vyeusi katika mafuta kabla ya kuiva. Mpimaji naye ataona kwamba kiazi cha jokofu kinakata mstari wa sifuri mahali pengine, kwenye sukari nyingi zaidi.

Kwa miaka mingi lilibaki swali moja, yaani maji yanapita wapi katika utando upesi kiasi hicho. Jibu lilionekana mwaka 1992, wakati Mmarekani Peter Agre na wenzake walipotia katika mayai ya chura maagizo ya kutengeneza protini moja waliyoitoa katika chembe nyekundu za damu. Mayai hayo yalipowekwa katika maji matupu yalivimba na kupasuka, na mengine yasiyo na protini hiyo yalikaa salama. Protini hiyo ni tundu jembamba sana lipishalo maji peke yake, na mimea nayo imejaa matundu ya jamaa hiyo. Agre alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2003.

Imebaki mimea ya pwani, ambayo kwa hesabu hizi zote isingalipaswa kuishi. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita, karibu mara nne ya zile gramu 9 ziwezazo kushindana na kiazi. Kipande cha kiazi kikitupwa baharini hulegea mara moja. Hata hivyo mikoko imesimama ndani ya maji hayo huko Lamu na katika hori za Mombasa, majani yake yakiwa manene na ya kijani mwaka mzima. Utomvu wake umekolea chumvi na vitu vingine kiasi cha kuishinda bahari yenyewe, na mizizi yake huizuia sehemu kubwa ya chumvi isiingie. Mti uitwao mchu huongeza njia nyingine: chumvi iliyopenya huitoa kupitia majani yake, na mtu akilipitisha ulimi jani la mchu siku ya ukame, huionja.